Chura wa Mlangoni kwa Nyanya Hawa

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu nyanya yangu aliponyang'anywa shamba kwa sababu ya chura. Watu nikiwasimulia hucheka kwanza, halafu huniangalia usoni, wakaona mwenzao sicheki, wakanyamaza. Leo nina watoto wa kuwalea na mambo mengi ya kunishughulisha, lakini hasira ya siku ile haijapoa hata kidogo. Wala sijaona sababu ya kuipoza.

Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa mto Tana, upande wa juu wa Garsen. Mama aliolewa Garsen mjini, na mimi, kama mtoto wake wa kike wa kwanza, nikapelekwa kukaa na Nyanya Hawa, mama yake mzazi, nimchotee maji na kumwondolea upweke. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya kwetu. Mjane haachwi alale peke yake. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Alimwachia Nyanya mabinti watupu, wote wameolewa mbali, pamoja na shamba moja la ukingoni.

Mashamba ya kwetu hukatwa kwa vipande virefu. Kila familia ina upana wake mtoni, kisha kipande kinarudi nyuma hadi kwenye mabonde ya mpunga. Mto ukifurika huacha tope jeusi, na tope hilo ndilo mbolea yetu. Mtu asiyepata tope atalima mwaka mzima na kuvuna mabua.

Zilipokuja mvua za El Nino mto ulivimba ukameza kila kitu. Tulihamia kwenye mwinuko, tukalala chini ya maturubai, tukala mahindi yaliyoletwa na helikopta. Maji yalipopungua tulikuta mto wenyewe umehama. Ulikuwa umekata kona mpya na kuiacha ile ya zamani ikiwa ziwa refu lisilokwenda popote. Kipande cha Babu Komora, mdogo wake marehemu babu yangu, kikabaki upande wa kona iliyokufa, mchanga mtupu. Kile cha Nyanya, ambacho zamani watu walikidharau kwa wembamba wake, kikapata tope la kufika magotini na mto mpya mbele yake. Ndizi alizopanda Nyanya mwaka ule zilikua kwa kasi ya kutisha. Naomba jambo hili likumbukwe, maana wenzetu walitaka sana lisahaulike.

Sasa nieleze habari za chura mwenyewe. Ni chura wa mtini. Vidole vyake vina ncha za mviringo zinazonata, na hupanda ukuta, mti, hata chemni ya taa. Mvua zikiwapo rangi yake ni ya gome la mti, kijivu chenye mabaka ya kahawia, na unaweza kuegemea tawi alilokalia usimwone mpaka akurukie. Msimu wa mafuriko walikuwa kila mahali. Madimbwi yakijaa, jike huchagua tawi lililoinama juu ya maji. Madume humfuata, mawili, matatu, hata zaidi, yakamng'ang'ania mgongoni, na wote kwa miguu ya nyuma huanza kupiga povu kama mtu anayekoroga sabuni ya unga kwenye beseni. Jike akiishiwa na maji mwilini huteremka dimbwini, akajaza, akapanda tena kuendelea na kazi. Mayai hubaki ndani ya povu. Kwa nje linakauka na kufanya gamba, kwa ndani lina unyevu, na baada ya siku chache viluwiluwi hulilainisha kwa chini na kudondoka majini.

Nyanya ndiye aliyenionyesha. Mwisho wa shamba lake palikuwa na dimbwi, na juu yake mkwaju mkubwa ulioinamisha tawi moja. Asubuhi moja alinisimamisha hapo na kunishika bega.

"Tulia uone mvua ya vyura," akaniambia.

Vikaanza kudondoka kutoka kwenye lile povu jeupe, kimoja, kingine, halafu vingi kwa pamoja, vidogo kama mbegu za papai. Kila kilichogusa maji kilianza kuogelea papo hapo, hakikungoja kufundishwa na mtu. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tope, na Nyanya akacheka kwa sababu mimi nacheka. Sisemi uongo nikisema kwamba hiyo ndiyo furaha safi ninayoikumbuka ya utoto wangu.

Huyo ndiye chura wa masika. Kiangazi kikiingia, chura huyo huyo hugeuka kiumbe kingine. Vyura wenzake hujifukia matopeni au hutoweka, yeye hubaki peupe, juani. Hukunja miguu chini ya tumbo, akafumba macho hadi yakawa mstari, akawa mweupe kama chokaa. Hatikisiki. Jua la kwetu linapasua ardhi, linaua mbuzi, lakini chura huyo hukaa juu ya mti mkavu mchana kutwa, juma baada ya juma, na hakauki.

Ndiyo maana aliogopwa. Wazee walisema chura mweupe amemeza mvua. Maji ya mbinguni yote yamo tumboni mwake, na ndiyo sababu jua halimdhuru. Walisema pia kwamba hakai juani kwa hiari yake, bali kuna mtu anayemweka. Mtoto akimwona alitakiwa afunike kichwa na kupita bila kumtazama. Na mimi niliamini. Nilifunika kichwa kwa mkoba wa shule na kukimbia kama wenzangu, na usiku nikiota kiu nilijua ni yeye. Lakini yalikuwa mambo ya kutishia watoto na kupigia soga. Sikuwahi kusikia mtu mzima akishtakiwa kwa ajili yake, mpaka Nyanya akapata shamba zuri.

Baada ya mafuriko mvua zilikatika. Vuli ilipita kavu, watu wakatazama mawingu yakienda zao. Siku hizo ndipo chura mmoja alipokuja kukaa kwenye boriti ya juu ya mlango wetu, upande wa nje, mahali panapopigwa na jua la asubuhi. Nilipiga kelele nilipomwona. Nyanya alitoka na mwiko mkononi, akamtazama, akarudi jikoni.

"Ni mgeni," alisema. "Mgeni hafukuzwi."

"Lakini Nyanya, amemeza mvua!"

"Basi tumbo lake ni kubwa kuliko mlango wangu. Njoo ule."

Habari zilienea kabla sufuria haijatoka mekoni. Wanawake waliokuwa wakipita kwetu kwenda mtoni wakaanza kuzunguka njia ya mbali. Mke wa Babu Komora alikuja siku moja na kijiti kirefu, akamwangusha chura kwenye ungo, akampeleka hadi ng'ambo ya ile kona iliyokufa na kumtupa huko, huku kundi la watu likimfuata kama wanakwenda arusini. Haikupita wiki, chura alikuwa amerudi. Boriti ile ile, pale pale, miguu imekunjwa vile vile. Nilishikwa na hofu. Nyanya alishangaa kidogo, kisha akasema ana adabu kuliko watu wengi, maana anajua alikokaribishwa.

Ndipo tukaitwa kwa Babu Komora, baada ya sala ya alasiri.

Wazee walikuwa wameketi kwenye baraza ya nyumba yake ya mabati, wakinywa chai. Nyanya alipewa kigoda chini, juani. Shemeji yake huyo, ambaye Nyanya mwenyewe alimpikia alipokuwa bado kijana asiye na mke! Mimi nilisimama nyuma ya Nyanya nikishika ncha ya leso yake. Maalim wetu wa madrasa alikuwapo pia, na pembeni alisimama Mama Bonaya, mwanamke wa Kiorma aliyetuletea maziwa tukimbadilishia mahindi. Yeye alikuwa akingoja tu kudai kibuyu chake.

"Shemeji, hatukukuita kwa ubaya," Babu Komora alianza, kwa sauti laini ya mtu aliyekwisha kuamua. "Nchi imekauka. Watoto wanakula makoma ya porini. Na mlangoni kwako amekaa aliyemeza mvua. Tulimtoa, amerudi. Kitu hurudi kwa mwenyewe."

"Amerudi kwa sababu pale ndipo alipopazoea," Nyanya akajibu. "Hata mbuzi wako unampeleka malishoni jioni anarudi."

"Mbuzi anafugwa."

"Na huyu simfugi. Simlishi, simnyweshi. Anakaa tu."

Mama Bonaya akacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu asiyejua kwamba amefika msibani.

"Nyinyi watu ya mto mnashangaza mimi," alisema. "Hii chura huko porini kwetu iko kila mti. Kiangazi yote iko, nyeupe hivi hivi. Sasa huko nani amefunga mvua? Ng'ombe?"

Watu wawili watatu wakatabasamu. Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo, kwa sababu maneno ya mama yule yalitosha kumaliza kesi kwa watu wenye nia ya kuimaliza. Lakini Babu Komora alimwambia kwamba hayo ni ya Waorma na ng'ombe zao, achukue kibuyu chake aende. Akachukua, akaenda, akitikisa kichwa.

Nilikuwa nikimfuata kwa macho nilipoona. Juu ya kichwa cha Babu Komora, pale mabati yanapokutana na nguzo ya baraza, alikaa chura. Mweupe. Amekunja miguu. Kinyesi chake kilikuwa kimechora mstari kwenye nguzo, kwa hiyo si wa jana wala juzi. Alikuwa akikaa hapo kwa muda mrefu na mzee akinywa chai chini yake kila siku.

"Babu," nikasema, na sauti yangu ikatoka kali kuliko nilivyotaka, "na huyo wa kwako?"

Wote wakainua vichwa. Kikombe cha mtu kiligonga sahani. Kwa muda mfupi niliamini kwamba nimemwokoa Nyanya. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba ukionyesha kitu kwa kidole na kila mtu akakiona, basi yamekwisha.

Babu Komora alimtazama chura kwa utulivu, kisha akatugeukia.

"Mnaona?" aliwaambia wenzake. "Sasa anawatuma mpaka kwetu."

Na wakaitikia! Watu wazima, wenye ndevu, waliokwenda Mombasa na kurudi, wakatikisa vichwa wakisema ndiyo, sasa anawatuma. Wa Nyanya alikuwa ushahidi dhidi ya Nyanya, na wa Komora naye alikuwa ushahidi dhidi ya Nyanya. Kama wangekuta kumi msikitini wangekuwa wa Nyanya. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa palepale kwamba nimesimama mbele ya waongo. Hofu ya chura ilinitoka siku ile na haijarudi tena.

Wakampa Nyanya njia ya kutokea. Chura wake aletwe, na yeye kwa mkono wake mwenyewe amuue mbele ya wazee. Akifanya hivyo atakuwa amefungua mvua, na mambo yaishe.

Nyanya akamgeukia Maalim.

"Maalim, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba chura hauawi. Ulisema kelele zake ni tasbihi. Mjukuu wangu huyu alirudi nyumbani akanisomea. Nimwue?"

Maalim alishika tasbihi yake mwenyewe akazisukuma punje mbili tatu. Alitazama kikombe chake, alitazama viatu vyake.

"Haya ni mambo ya mila," alisema mwishowe. "Ya mila ni ya wazee."

Huyu ndiye aliyetuchapa kwa kiboko cha mkwaju tukikosea herufi moja.

"Basi siui," Nyanya akasema.

Hukumu haikuchukua muda. Walisema hawamfukuzi, hawana roho hiyo. Watalishika tu shamba lake, Babu Komora alitunze kama ndugu wa marehemu, mpaka mvua inyeshe. Maneno yalikuwa hayo hayo, nayasikia hadi leo. Mpaka mvua inyeshe.

Njiani nilimkasirikia Nyanya. Nililia nikimwambia ni chura mmoja tu, angemkanyaga mara moja tukabaki na ndizi zetu. Yeye alitembea mbele bila kugeuka. Tulipofika nyumbani alisimama mlangoni, chini ya mgeni wake, akajifuta jasho.

"Ningemuua ningekuwa nimekiri," alisema. "Ningekuwa nimesema kweli alikuwa wangu, kweli nilifunga mvua, watoto wa watu wakashinda njaa kwa ajili yangu. Shamba wangelichukua vile vile, na jina langu pia."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakulisema kwa uchungu wala kwa laana, alilisema kama mtu anayekuambia kesho kuna shule.

"Mvua itanyesha, mjukuu wangu. Shamba halitarudi. Ukumbuke nimekuambia."

Ilinyesha. Ilikuja na ngurumo, ikapiga mpaka alfajiri, na asubuhi boriti yetu ilikuwa tupu. Baadaye nilimwona mgeni wetu kwenye ukingo wa pipa, amerudia kijivu chake, ananing'iniza mguu mmoja kama mtu aliyemaliza kazi ndefu. Juu ya dimbwi la mwisho wa shamba, kwenye tawi lile la mkwaju, povu jeupe lilining'inia. Nyanya alivaa leso yake ya Idi akaenda kwa shemeji yake, na mimi nyuma.

"Shemeji, imenyesha."

"Alhamdulillahi," Babu Komora akajibu. "Lakini nimeshapanda. Nivune kwanza."

Alipovuna alisema mvua ile ilikuwa ndogo, haijulikani kama imefunguliwa sawasawa. Ya pili ilipojaza mabonde alisema mjane atalima na nani. Baadaye akawa hatoi sababu tena, na watu wakaona aibu kuuliza, ila aibu yao ilimwangukia Nyanya badala ya Komora. Wakamwonea haya yeye, wakampitia mbali yeye. Alikula kwa kupalilia mashamba ya watu na kusuka mikeka, huku migomba aliyoipanda mwenyewe ikizaa mbele ya macho yake. Alifariki nikiwa sekondari. Maalim ndiye aliyemsalia, kwa sauti nzuri, na nilitamani kumnyang'anya kipaza sauti.

Ni huko huko sekondari, kwenye somo la biolojia, nilikojua kwamba ngozi ya chura yule hugeuka nyeupe ili kulirudisha jua, kwamba haipotezi maji ovyo, kwamba mkojo wake ni mzito kwa sababu maji huyahifadhi. Kumbe kweli alikuwa na maji tumboni, ila yalikuwa yake mwenyewe. Nilifurahi kujua, kisha furaha ikakatika. Kwa sababu hata kama Nyanya angekuwa na kitabu kile mkononi siku ile barazani, wangempata vile vile. Wangesema ndicho kitabu anachofungia mvua.

Siku hizi nikisikia watu wakicheka imani za kwetu siungani nao. Imani ile sote tulikuwa nayo, mimi nikifunika kichwa na mkoba, hata Nyanya aliyeogopa kuua kiumbe anayemtaja Mungu. Imani haikulima shamba la mtu. Waliolilima walikaa chini ya chura wao wenyewe na kuongeza sukari kwenye chai. Mtu anayeogopa kweli hafanyi hivyo.

Masika iliyopita nilikwenda kijijini kwenye arusi. Babu Komora alifariki zamani. Shambani pale amejenga mjukuu wake, Salimu, kijana mkarimu asiye na kosa kwangu. Alinikaribisha, akanimenyea maembe, tukakaa nyuma ya nyumba tukitazama dimbwi. Mkwaju bado upo.

"Dada," aliniuliza akitabasamu, "eti nyanya yako ndiye yule wa vyura? Mimi nilisikia tu juujuu. Ilikuwaje?"

Nikamweleza yote, kama nilivyoeleza hapa. Nilipofika kwenye hukumu nilisema taratibu, ili asikose hata neno moja.

"Babu yako alilishika shamba hili mpaka mvua inyeshe."

Salimu alitaka kucheka, hakuweza. Kisu kilisimama kwenye embe. Usiku mzima ilikuwa imenyesha, mabati yalikuwa bado yanachuruzika. Sikumwomba kitu, wala sikumwambia neno lingine. Nilimwonyesha tu kwa kidole tawi lililoinama juu ya dimbwi, na lile povu jeupe, ambalo viluwiluwi vilikuwa vimeanza kudondoka kutoka ndani yake, kimoja kimoja, kwenye maji ya Nyanya.